Barbera ya Italia na samaki wa ziwa letu: je, mvinyo mwekundu hauandamani kamwe na samaki?

Mama_Milimani, Kisumu

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa wanaoifahamu mivinyo ya Italia, hususan ule uitwao Barbera. Shemeji yangu anayefanya kazi Torino amekuja likizo na ametuletea chupa mbili. Ya kwanza imeandikwa Barbera d'Asti, na ya pili Barbera d'Asti Superiore, ambayo ni ya mavuno ya nyuma kidogo na ambayo, kwa maelezo yake, ilikaa katika mapipa ya mbao kabla ya kutiwa kwenye chupa. Tumepanga kuzifungua Jumapili ijayo, wazee wa pande zote mbili watakapokutana kwetu kwa chakula cha mchana, na hapo ndipo mashauriano ya nyumbani yalipokwama.

Chakula chenyewe ni cha kwetu: ngege (perege) waliokaangwa kisha wakatiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, omena (dagaa wa ziwani) wakavu, kuku wa kienyeji kwa sababu shangazi zangu wanatoka Vihiga na hawaitambui karamu isiyo na kuku, ugali wa wimbi, na mboga za osuga (mnavu) na akeyo (mgagani). Kila ninayemuuliza ananijibu kwamba mvinyo mwekundu hauandamani na samaki, na nikiuliza sababu napewa jibu lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Ningependa kuelewa zabibu ya Barbera ni ya namna gani, inatofautiana vipi na nyingine nyekundu, na katika vyakula hivyo ni kipi kifuatane na chupa ipi. Vilevile, je, ni kweli kwamba mvinyo mwekundu hautiwi kwenye jokofu, hata kwa joto hili la Kisumu?

Mhudumu_Mstaafu, Kisumu

Mama, hongera kwa wageni. Kanuni uliyotajiwa haikutungwa bure, ila waliokutajia wameibeba bila sababu yake. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu za zabibu, na humo ndimo inamotoka tanini, ile inayoacha ukakasi mdomoni kama wa ndizi mbichi. Tanini hushikamana na protini za mate, ulimi hukauka, na mbele ya samaki mwepesi aliyepikwa kwa chumvi tu ukakasi huo hukosa kitu cha kuushughulisha, ukageuka kuwa uchungu wenye ladha ya chuma. Basi mvinyo wenye ukakasi mkali kweli haumfai samaki. Swali linalobaki ni kama Barbera imo katika kundi hilo, na jibu langu ni kwamba haimo.

Barbera ni zabibu ya Piemonte, mkoa wa kaskazini magharibi mwa Italia ambao makao yake makuu ni huko huko Torino aliko shemeji yako. Ina rangi nzito inayokaribia zambarau, tanini kidogo, na asidi nyingi ambayo haipotei hata zabibu inapoiva sana. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoipambanua. Kwa kawaida zabibu ikipata jua la kutosha sukari hupanda na asidi hushuka, na mkulima hulazimika kuchuma mapema ili asipoteze uchangamfu wa mvinyo; Barbera huweza kusubiri hadi sukari ikakamilika na bado ikabaki na makali yake. Jirani yake Nebbiolo, ambayo ndiyo zabibu ya Barolo na Barbaresco, ina rangi hafifu ambayo huelekea kuwa ya matofali kadiri miaka inavyopita, lakini ukakasi wake ni mzito. Nilipokuwa nikihudumu hotelini niliwaona wageni wengi wakiikwepa Barbera kwa kuuogopa weusi wake, wakachagua Nebbiolo kwa wepesi wa rangi, kisha wakalalamika kwamba midomo imekauka. Rangi ya mvinyo haikuambii chochote kuhusu ukakasi wake.

Historia yake ni ya zabibu ya watu wa kawaida. Mdudu wa filoksera alipoiharibu mizizi ya mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, na wakulima wakalazimika kupandikiza upya juu ya mashina ya Kimarekani, Barbera ilipendwa kwa sababu huzaa sana na haichagui ardhi. Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Alba miteremko inayopata jua zuri zaidi hupewa Nebbiolo, na Barbera hupandwa panapobaki; lakini upande wa Asti na Nizza Monferrato Barbera ndiyo mwenye nyumba, na hupewa miteremko bora. Ndiyo maana napendelea za Asti kuliko za Alba kwa chakula chenye nyanya: kwa jumla huwa na makali zaidi, ilhali za Alba mara nyingi ni nene na laini. Kwa sheria, Barbera d'Asti lazima iwe na zabibu ya Barbera isiyopungua asilimia 90, na tangu mwaka 2008 imepandishwa hadi daraja la DOCG, ambalo ni la juu kabisa katika uthibitisho wa asili ya mivinyo ya Italia.

Sasa tuingie jikoni. Chakula hakichaguliwi mvinyo kwa kuangalia nyama iliyomo peke yake, bali kwa kuangalia namna kilivyopikwa. Ngege wako amekaangwa kwa mafuta, kisha akalala ndani ya nyanya. Kwa hiyo kinachotawala mdomoni ni mafuta na uchachu wa nyanya. Mvinyo wenye asidi pungufu kuliko nyanya utaonekana umepooza, hauna ladha, kana kwamba umeongezwa maji, na mvinyo wenye tanini nyingi utagombana na samaki. Barbera changa isiyokaa kwenye mbao inayaepuka yote mawili: asidi yake inalingana na ya nyanya na inakata mafuta, na ukakasi wake ni mdogo. Ingekuwa ngege wa kuchemshwa na chumvi na kipande cha ndimu, ningekushauri utafute mvinyo mweupe na uiache Barbera kabatini.

Kuhusu omena, hapa ndipo wenye Barbera wenyewe wanapokutetea. Piemonte haina pwani, lakini chakula chake mashuhuri kuliko vingi vya msimu wa baridi ni bagna cauda, ambayo ni samaki wadogo wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi, wakayeyushwa polepole pamoja na vitunguu saumu vingi katika mafuta ya zeituni hadi wakawa mchuzi mzito. Chungu huwekwa katikati ya meza juu ya moto mdogo, na watu huchovya humo kabichi, pilipili hoho na mboga nyingine za msimu. Samaki hao waliletwa wakiwa wametiwa chumvi kutoka pwani ya Liguria, kuvuka milima, na walifika hadi katika nyumba za wakulima wasioiona bahari. Kinywaji kinachoandamana na chungu hicho kwa desturi ya huko ni mvinyo mwekundu, na Barbera changa ndiyo hutajwa kwanza. Watu wanaokula dagaa wenye chumvi, mafuta na saumu pamoja na Barbera kizazi baada ya kizazi hawawezi kushangazwa na omena wako, mradi umewakaanga mpaka wakakauka na ukawamalizia kwa nyanya, kitunguu na saumu kidogo.

Suala la jokofu halina mjadala. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba walikuwa wakizungumzia vyumba vya Ulaya vya zamani, vilivyojengwa kwa mawe na visivyo na majiko ya umeme. Sebule ya Kisumu saa saba mchana inaweza kufika nyuzi 28 au zaidi, na kwa joto hilo utakachonusa ni kileo, si tunda. Barbera changa hupendeza ikiwa kati ya nyuzi 14 na 16, kwa hiyo iweke kwenye jokofu saa moja na nusu hivi kabla ya kumimina, au itumbukize katika ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 15. Usijaze glasi, kwa sababu mvinyo hupata joto haraka mezani.

Mwalimu_wa_Kemia, Maseno

Nakubaliana na mhudumu wetu kuhusu Barbera, ila naomba kurekebisha maelezo ya ladha ya chuma, kwa sababu hayo ndiyo yanayorudiwa kila mahali. Tanini huleta ukakasi, hilo halina shaka, lakini ladha ile ya shombo inayobaki kooni mtu anapokunywa mvinyo baada ya samaki ilichunguzwa na watafiti wa kampuni moja ya mvinyo huko Japani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waliwaonjesha watu mivinyo mingi, myekundu na myeupe, pamoja na chaza wa baharini waliokaushwa, na wakaona kwamba kadiri madini ya chuma yaliyoyeyuka katika mvinyo yalivyokuwa mengi ndivyo shombo lilivyozidi. Walipoongeza chuma katika mvinyo shombo liliongezeka, na walipokifunga kwa kemikali nyingine lilipungua. Maelezo yao ni kwamba chuma huharakisha kuvunjika kwa mafuta ya samaki ambayo tayari yameanza kuharibika kwa hewa, na katika kuvunjika huko hutoka harufu tunayoichukia.

Faida ya kulijua hili ni ya vitendo. Kwanza, kiasi cha chuma hutegemea udongo, vumbi lililoshikamana na zabibu, na vyombo vilivyotumika kutengenezea mvinyo, kwa hiyo hakiandikwi kwenye lebo wala hakijulikani kwa jina la zabibu. Pili, hali ya samaki ina uzito uleule. Omena huanikwa juani wakiwa na mafuta yao, na wale waliokaa gunia wiki nyingi, au waliolowa mvua wakaanikwa tena, mafuta yao yameshaanza kuchacha kabla hujawaleta nyumbani. Mama, nunua omena wapya wanaong'aa rangi ya fedha, waoshe kwa maji ya moto, uwatoe vichwa iwapo una subira hiyo, kisha siku moja kabla ya wageni kaanga wachache na uonje pamoja na tone la mvinyo huo. Ulimi wako utatoa hukumu ambayo hakuna mmoja wetu hapa anayeweza kuitoa kwa maandishi. Ngege wa kuvuliwa asubuhi hanipi wasiwasi hata kidogo.

Mama_Milimani, Kisumu

Nawashukuru sana, baba mhudumu na mwalimu. Sasa nina la kuwajibu wale wenye sauti kubwa. Nitafungua ile changa kwa ajili ya ngege na omena, baada ya kuonja kama mwalimu alivyoelekeza. Bado nina maswali mawili. Je, Superiore ni Barbera ileile iliyo bora zaidi, kwa maana kwamba ningepaswa kuwapa wazee hiyo kwa chakula chote ili nisionekane nimewabania? Na mboga zetu chungu, pamoja na kachumbari yenye pilipili ambayo mume wangu hali bila hiyo, zitauvumilia mvinyo huu?

Muuza_Mvinyo, Nakuru

Mama, Superiore hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kutunzwa miezi isiyopungua 14, na kati ya hiyo angalau sita iwe ndani ya mbao. Hiyo haimaanishi kwamba ni bora kwa kila sahani. Pipa la mwaloni humpa mvinyo mambo ambayo Barbera haikuzaliwa nayo: tanini za mbao, harufu ya vanila na viungo, na hewa kidogo inayopita polepole na kulainisha makali yake. Kwa hiyo sifa zilezile zilizoifanya chupa ya kwanza imfae ngege zimepunguzwa katika chupa ya pili. Impe kuku wa shangazi zako, au kama mna aliya, ile nyama iliyokaushwa ambayo upande wa Waluo hupikwa kwa sherehe, usiitafutie mwenzi mwingine. Chumvi na moshi wa aliya huitaka mbao. Wazee wakiuliza, waeleze kwamba kila chupa ina sahani yake, nao hawataona kwamba wamebaniwa.

Mtindo huu wa mapipa madogo si wa kale kwa Barbera. Mtengenezaji Giacomo Bologna wa Rocchetta Tanaro, mwenye kiwanda cha Braida, ndiye aliyeishangaza nchi yake kwa mvinyo aliouita Bricco dell'Uccellone, wa mavuno ya mwaka 1982, uliotokana na Barbera tupu na kukaa ndani ya mapipa madogo ya mwaloni wa Kifaransa. Hadi wakati huo Barbera ilikuwa kinywaji cha mezani cha kila siku, kilichopimwa kwa lita, na wachache waliamini kwamba inaweza kuuzwa kwa bei ya mivinyo ya heshima. Muda si mrefu likafuata janga. Mwaka 1986 iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa Piemonte walikuwa wakitia methanoli katika mvinyo wa bei rahisi, ukiwemo uliouzwa kwa jina la Barbera, ili kuongeza ukali wa kileo bila gharama. Zaidi ya watu 20 walifariki na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Sisi tuliokulia nchi ambayo chang'aa yenye methanoli imeua watu mara kwa mara hatuhitaji kufafanuliwa maana ya habari hiyo. Wakulima wengi wa huko waliona kwamba wokovu wao umo katika kupunguza mazao kwa kila mzabibu, kuuza mvinyo wenye jina la shamba, na kukubali ukaguzi mkali zaidi. Tangu mwaka 2014 mvinyo wa vilima vya Nizza unajitegemea kwa jina la Nizza, na lazima uwe Barbera kwa asilimia 100.

Kwa sababu hiyo naomba uangalie shingo za chupa zako. Utaona utepe wa karatasi wenye nambari ambao hutolewa chini ya usimamizi wa serikali ya Italia, na chupa ya DOCG isiyo nao ni ya kutiliwa shaka. Za kwako zimekuja mkobani, kwa hiyo hazitakuwa na stempu ya ushuru ya hapa. Lakini siku utakayonunua dukani, iwe Kisumu au hapa Nakuru, hakikisha stempu ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ipo na uikague kwa programu yao ya simu iitwayo Soma Label. Napoteza wateja wachache kwa kuwasisitizia jambo hili, na siwajutii.

Osuga ndiyo iliyo ngumu zaidi katika orodha yako. Uchungu wa chakula ukikutana na tanini huzidisha uchungu wa mvinyo, kwa hiyo usiziweke mboga hizo karibu na Superiore. Zikipikwa kwa desturi yenu, zikalazwa usiku na kutiwa maziwa au malai, mafuta ya maziwa huufunika uchungu na ile Barbera changa itapita salama. Kachumbari inategemea mkono wa mumeo: nyanya, kitunguu na ndimu haziidhuru Barbera, ila pilipili kali na kileo huchocheana, na mtu huishia kuhisi moto tu. Mwekee pilipili yake pembeni katika kibakuli.

Msomaji_wa_Kakamega

Naomba kuongeza moja tu kuhusu kuku, kwa kuwa ndugu wa Nakuru amempa Superiore bila kuuliza atapikwa vipi. Kuku wetu wa kienyeji akichemshwa kwa mchuzi mwembamba wa chumvi na kitunguu, nyama yake ni ngumu na tamu lakini mchuzi ni mwepesi, na mvinyo wa mbao utamfunika kabisa. Huyo ningempa chupa ileile changa. Akibanikwa kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ikapata rangi na harufu ya moshi, ndipo akatiwa katika sufuria na nyanya kidogo, hapo Superiore inapata mahali pa kushika. Waulize shangazi mapema watampika kwa njia ipi, maana Jumapili asubuhi hawatapokea maelekezo kutoka kwa mtu yeyote.

Vilevile mboga zikiungwa kwa munyu wa majivu, jinsi tunavyofanya huku kwa mrenda, zitakuwa na magadi, na magadi huua asidi. Mvinyo wowote utaonekana umelala baada ya tonge moja. Mboga hizo ziliwe na maji au uji, na mvinyo usubiri sahani inayofuata. Superiore ifunguliwe nusu saa kabla ya kuku kuletwa, ikiwa na baridi kidogo kuliko chumba lakini si kama ile ya kwanza, na kitakachosalia katika chupa zote mbili kizibwe kwa kizibo chake na kurudishwa kwenye jokofu, ambako kitakaa siku tatu bila kuharibika.